Uchafu Ulitoka Kwenye Chuma

Mama mdogo wangu aliacha kumeza dawa za presha kwa sababu ya glasi mbili za maji. Nikisema hivyo watu hudhani natania. Sitanii.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa bado nashikwa mkono kuvushwa barabara, mdogo wake akanichukua nikakae naye Tabata. Alinisomesha kwa vitumbua alivyokuwa akivichoma kila alfajiri. Ni mwanamke wa pwani hasa, mtu wa swala tano na ulimi mkali, na sijawahi kuona muuza nyanya akimpunja fungu akaondoka salama. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Yule kijana aliyemuuzia mashine ya maji hakumpata kwa sababu mama ni mjinga. Alimpata kwa sababu alimjia na jambo la kweli, akaligeuza kichwa chini miguu juu, na hapakuwa na mtu pembeni wa kumwambia.

Mtu huyo nilitakiwa kuwa mimi. Nafundisha kemia sekondari moja ya Temeke. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nasahihisha mitihani, na kijana alikuja Jumamosi.

Habari yenyewe niliipata wiki iliyofuata, nilipokwenda kumsalimia. Nilimkuta jikoni amesimama mbele ya mashine nyeupe iliyopigiliwa ukutani, ina vyungu vitatu vya plastiki na bomba jembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Njoo uone maji ya watu wastaarabu."

Akanieleza kwa furaha. Kikundi chao cha akina mama hukutana barazani kwa jirani yake, mama mmoja mnene anayeuza madafu. Kijana aliomba dakika chache azungumze nao. Shati jeupe, tai, maneno laini, kila mtu anamwita mama. Akaweka glasi mbili mezani. Moja ilikuwa na maji ya kisima chao, nyingine maji yaliyopita kwenye mashine yake. Akachukua kifaa chenye vyuma vya kuchovya, akakiunganisha na umeme, vyuma vikaingia kwenye glasi zote mbili. Yale ya mashine yakabaki kama yalivyo. Ya kisima yakaanza kutoa povu, yakawa ya njano, halafu kahawia, halafu yakajaa mabongemabonge kama tope la mtaroni.

"Wallahi nilitaka kutapika," mama akasema. "Ndiyo tuliyokuwa tunakunywa miaka yote, mwanangu. Ndiyo niliyokulea nayo."

Nikaitazama tena ile mashine.

"Mama, huo uchafu haukuwemo kwenye maji."

"Nimeuona kwa macho yangu."

"Umeuona, ndiyo. Lakini umetoka kwenye chuma. Ile ni kutu."

Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumweleza. Nilimwambia chumvi ikiingia kwenye maji haikai kama chumvi. Inaachana vipande viwili, kila kipande kimebeba umeme wake, kimoja chanya, kingine hasi. Vipande hivyo sie tunaviita ioni. Maji ya kisima chenu yamejaa ioni, za chumvi na za chokaa. Ndizo zinazofanya sabuni igome kutoa povu, ndizo zinazoacha ukoko mweupe kwenye birika. Si sumu. Kazi yake pale kwenye glasi ilikuwa moja tu, kuupitisha umeme. Umeme ukipita, chuma kinaanza kuliwa, kinaingia majini kidogokidogo, nacho kinageuka kutu. Maji ya mashine hayana ioni za kutosha, kwa hiyo umeme haupiti na chuma hakiliwi. Hata maji yaliyosafishwa ya kujazia betri wanayouza kwenye vituo vya mafuta yangebaki meupe vilevile, na hakuna anayeyanywa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Wewe umeniambia. Yeye kanionyesha."

Nikajiambia basi, ni mashine tu, atakunywa maji yaliyochujwa, hakuna atakayekufa. Nikanywa chai nikaondoka. Kitu ambacho hakuniambia siku ile, na mie sikukijua, ni kwamba kijana hakuishia kwenye maji. Aliwaambia wenye presha na sukari kwamba magonjwa yao yanatokana na uchafu ule, kwamba vidonge vya hospitali ni kemikali juu ya kemikali, na kwamba mtu akinywa maji yake asubuhi kabla ya kula kitu, damu inajisafisha yenyewe. Mama mdogo akaviweka vidonge vyake kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

Alianguka uani akiwa anaosha vyombo. Jirani yule muuza madafu alisikia sufuria ikibingirika kwenye saruji, akaita kwa juu ya ukuta, hakujibiwa, akaingia. Nilipofika hospitali nilimkuta mama kalala ubavu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelala kando yake kama wa mtu mwingine. Daktari, binti mdogo aliyechoka, akaniuliza anatumia dawa gani. Nikamtajia.

"Anazitumia kweli?"

"Kila siku," nikajibu, kwa uhakika kabisa.

Mama akatikisa kichwa. Kidogo sana, lakini nilikiona.

Maneno yalikuwa hayamtoki vizuri. Nililazimika kuinama mpaka sikio likagusa kitambaa chake cha kichwa. "Maji," akasema. Nikadhani ana kiu, nikageuka kutafuta kikombe. Akanishika kwa mkono ule mzima. "Kijana... alisema... maji yanatosha."

Sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, na haukuwa moyo mgumu hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba machozi hayakupata nafasi. Nilisimama kwenye korido ile yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu nikawa nafikiria jinsi moyo wa binadamu unavyodunda. Ni ioni hizohizo. Zinaingia na kutoka kwenye ukuta wa kila chembe ya mwili, sodiamu huku, potasiamu kule, kalisi ikiamrisha msuli ukaze. Zikikosekana, moyo unasimama. Na kuna mtu kapita baraza kwa baraza akiwaambia wazee kwamba ioni ni takataka.

Madaktari walimhudumia vizuri. Baada ya muda mdomo ulirudi karibu na mahali pake, akaruhusiwa kwenda nyumbani, mkono ukabaki mzito. Nilihamia kwake kwa muda. Hapo ndipo jirani wa madafu aliponinong'oneza ukutani: kijana anarudi. Kikundi cha akina mama wa mtaa wa pili kimemwalika.

"Utakuja?" akaniuliza.

"Nitakuja."

"Usije na fimbo."

"Naja na chumvi," nikamwambia.

Nilikaa nyuma, nimejifunika mtandio. Kijana alikuwa kama nilivyosimuliwa, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Nilimwona akipanga glasi zake kwa utaratibu. Nilimwona mama mmoja aliyebeba mjukuu akifumba macho maji yalipogeuka tope. Na nilipowasikia wanawake wanavuta pumzi kwa pamoja, sikuweza kukaa tena. Nikasimama.

"Kaka, samahani. Hiyo glasi yako safi, naomba niongeze chumvi ya jikoni, kiasi cha ncha ya kijiko. Ileile tunayotia kwenye mboga. Halafu chovya tena vyuma vyako."

Akanitazama. Nikajua palepale kwamba anajua. Mtu asiyejua angeuliza kwa nini.

"Dada yangu, muda wetu ni mdogo..."

"Muache mwalimu aweke!" akasema mtu.

Nikaweka, nikakoroga. Akachovya vyuma kwa kuchelewachelewa. Povu likaanza, maji yakawa na rangi ya kijani chafu, kisha kahawia, mpaka yakawa machafu kuliko yale ya kisima. Nikafikiri nimemmaliza. Lakini alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Mmeona, mama zangu?" akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. "Mwalimu ametusaidia. Chumvi ni uchafu! Ndiyo maana wenye presha wanakatazwa chumvi. Mpigieni makofi."

Na wakapiga. Wallahi, wakapiga makofi. Nilisimama pale na kijiko changu nikiwa na maneno yote ya kemia mdomoni, sodiamu na kloridi, na hakuna hata moja lililofaa. Nilitaka kumtupia ile glasi usoni.

Aliyeniokoa ni jirani. Alikuja na biashara yake kama kawaida, beseni limejaa madafu. Akachukua moja, akalikata kwa panga, akamimina maji yake kwenye glasi nyingine tupu, akaisukuma mbele ya kijana.

"Baba, chovya na humu."

"Mama, hii si maji, hii ni..."

"Chovya."

Akachovya. Sijawahi kuona kitu kikiharibika haraka vile. Dafu likachemka povu, likawa la kijivu, likawa jeusi.

Jirani akashika kiuno. "Hili limetoka juu ya mnazi. Sasa hivi nimelikata mbele yenu. Uchafu huo kauingiza nani? Nani kapandisha bomba mnazini?"

Kicheko kilianza kwa yule bibi mwenye mjukuu kikazunguka baraza zima. Mwingine akasema wachovye na kwenye soda. Mwingine akataka chai. Kijana alichomoa waya ukutani akaanza kukusanya vitu vyake, na sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha.

Nilimfuata mpaka nje, kwenye bodaboda iliyokuwa inamsubiri.

"Ulisoma wapi?" nikamuuliza.

Akakaza kamba ya begi lake.

"Nina digrii ya kemia, mwalimu. Nilikuwaga nawafundisha wenzangu hiyohiyo elektrolisisi. Nimezunguka na vyeti mpaka viatu vimeisha. Hawa wa kampuni ya mashine ndio walionipa kazi."

"Mama yangu alianguka. Aliacha dawa kwa maneno yako."

Alibadilika uso, hilo siwezi kumnyima. "Hayo ya dawa," akasema, "tunafundishwa kuyasema. Mie siyatungi."

"Lakini unayasema wewe."

"Pole kwa mgonjwa," akasema, akapanda pikipiki.

Pole! Nilitamani angenitukana. Nilikuwa nimemwandalia chuki mtu mjinga au mtu mwovu, nikaletewa mtu aliyekaa kwenye madawati kama niliyokaa mimi, akajifunza nilichojifunza, na sasa anakitumia kuwatisha watu wasiobahatika kufundishwa kwa lugha wanayoielewa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wanafunzi wangu wanaweza kukariri maana ya ioni kwa Kiingereza bila kukosea herufi. Waulize kwa nini sabuni haitoi povu kwa bibi zao, wanakutazama tu.

Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi moja ya serikali. Wakaniuliza mashine inachuja au haichuji. Nikasema inachuja. Wakaniambia basi, tatizo liko wapi? Nikaeleza tena, kuhusu dawa, kuhusu kabati. Wakanielekeza ofisi nyingine, na huko wakanielekeza nilikotoka. Nasikia kijana sasa yuko Mwananyamala, wengine wanasema amevuka Kigamboni. Maji ya kule nayo yana chumvi. Atavuna.

Mama mdogo nilimwonyesha mwenyewe, mezani kwake, nikiwa nimeazima vifaa shuleni. Sikumweleza neno. Maji ya mashine yake, yakabaki meupe. Nikampa kijiko cha chumvi ashike kwa mkono wa kulia, akatia mwenyewe, akakoroga mwenyewe. Yalipogeuka kahawia aliisogeza glasi karibu. Kisha akaniomba nivitoe vile vyuma avione, akapitisha kidole pale palipoliwa.

"Alinitazama machoni," akasema. Siku hizi anaongea polepole, kila neno analisindikiza. "Akaniita mama. Akanitazama machoni."

Nilikuwa sijamwona akiwa na hasira ya kimya maisha yangu yote. Alipoanza kutembea kwa fimbo, alikwenda baraza kwa baraza, nyumba zote zilizonunua, akiuliza swali moja tu: dawa zako unameza? Wanawake watatu walikuwa wameacha. Mmoja alimfukuza, akisema ana wivu. Wawili walirudi kliniki.

Muhula uliofuata niliingia darasani na glasi, chumvi na dafu. Nilifundisha kwa Kiswahili kipindi kizima, jambo ambalo nilishaonywa nisilifanye. Walisogea mbele, wakapanda mpaka juu ya madawati ili waone, na dafu lilipoharibika walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Nikadhani leo wamenielewa. Halafu msichana mmoja wa mbele, mwerevu, anayeongoza kila mtihani, akanyoosha mkono.

"Madam, hii inatokaga kwenye mtihani?"

Nililiweka dafu chini kwanza, maana lingenitoka mkononi.

"Haitoki," nikamwambia. "Kaa. Una bibi nyumbani?"

"Ninaye."

"Anatumia dawa gani?"

Hakujua. Darasa zima hawakujua za kwao. Nikafuta ubao, nikawaambia hiyo ndiyo kazi ya nyumbani.