Loki Isiyotaka Kusogea

Wiki ile sikutulia. Nilikunywa chai nimesimama, nikaenda gereji, nikarudi ndani, nikaenda tena. Kilichoninyima raha kilikuwa kijichuma kidogo kama ukucha: loki ya bunduki yangu, ile inayozuia risasi isitoke hata ukigusa kifyatulio. Ilikuwa haitaki kusogea.

Leseni ninayo, na bunduki ilikaa kwenye kabati la chuma lililofungiwa ukutani, nyumbani kwetu Mount Druitt, huku ughaibuni. Niliinunua kuukuu, mti wake wa kushikia umepasuka. Mimi ni seremala tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na hapa natengeneza paleti, vichanja vya mbao vya kupangia mizigo, kwenye karakana moja ya Seven Hills. Mti mpya niliuchonga mwenyewe, miezi miwili. Mzee mmoja wa kazini, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyenifundisha kuwinda mbuzi mwitu kwenye shamba la ndugu yake, na kule porini nilianza kujiona mtu.

Mke wangu aliikubali bunduki ile kwa shida sana. Alipokuwa msichana kule Kongo, kaka yake aliuawa na askari ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Askari huyo alikuwa ameketi uani kwao anakunywa chai, bunduki magotini, ikafyatuka. Basi kila niliporudi kutoka kuwinda, mke wangu alikuwa na swali moja tu, akiwa bado mlangoni: “Umefunga?” Nami nilijibu, “Nimefunga.” Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Loki ilipokataa, kwanza niliulaumu mti wangu. Nilipitisha msasa pale nilipodhani panabana, bila mafanikio. Nikarudia, nikaharibu ukingo niliokuwa nikiuringia. Jumamosi tulipaswa kwenda shambani, na Alhamisi yule mzee aliniambia, “Usiilazimishe, rafiki. Mpelekee gunsmith.” Nilikasirika. Seremala mzima nimpelekee fundi wa bunduki kazi ya mikono yangu?

Jioni ile mke wangu, ambaye anahudumia wazee kwenye kitongoji cha Liverpool cha hapa hapa mjini, alirudi kutoka shift akanikuta gereji. Bunduki ilikuwa tupu.

“Nionyeshe,” alisema.

Nikasukuma kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Loki ikasogea nusu.

“Sasa hii siku zote ulikuwa unafunga, ao ulikuwa unaniambia tu?”

Nilisema nilikuwa nafunga. Ulikuwa uongo. Tangu ianze kuwa ngumu, mara mbili niliiacha wazi, nikijiambia kwamba risasi nimeshatoa, kuna nini. Aliniangalia, akaingia ndani, na mimi nikabaki nikizunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ijumaa nilimeza kiburi changu nikaenda kwa fundi mwenye leseni. Aliifungua, akapitisha kitambaa, akakinusa.

“Umepaka nini hapa? Cooking oil?”

Mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda, yamekuwa gundi. Kambini mafuta ya mgawo yalikuwa ya kila kitu: baiskeli, bawaba za mlango, cherehani, magoti ya watoto. Nilipomaliza kuuchonga ule mti niliipaka bunduki nzima kwa furaha, kutoka chupa ya jikoni. Nilimwambia fundi sijui. Nilitamani sakafu inimeze.

Aliisafisha, akaweka mafuta yake, na loki ikawa laini ajabu. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilimwita mke wangu gereji, nikaishika mwenyewe, tupu, nikamwambia asukume kwa kidole.

Hakuwahi kuigusa hata siku moja. Aliweka kidole kidogo. Kak.

“Imefunga,” nilisema.

Akairudisha. Kak. Akafunga tena, akafungua tena, polepole, na uso wake haukuwa na furaha niliyoingojea.

“Ona vile inafunguka,” alisema. “Hata ile ya yule askari haikukuwa ngumu.”

Nilitaka kubishana. Nilitaka kumweleza kuhusu kabati, funguo na sheria zote za hapa. Lakini alikuwa anajifuta kidole kwenye sketi, anajifuta tu, na nikaona kwamba mwaka mzima mimi nilikuwa nikienda kuwinda na yeye alikuwa akinisubiri mlangoni na maiti ya kaka yake.

Nilimpigia mzee simu asinipitie Jumamosi. Jumatatu niliirudisha bunduki kwa fundi anitafutie mnunuzi. Aliuliza kama loki inasumbua bado. Nilimwambia hapana, inafanya kazi vizuri kabisa.