Binti yangu kanitoa damu leo

Nina miaka themanini na moja na malaria zote nimezishinda mimi!

Watafiti wa damu nimekuwa nikiwafukuza hapa kwangu kijijini Adu.

Leo kaja binti yangu Kadzo, mtafiti naye. Anachunguza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyopeana ishara malaria ikiingia.

"Baba, nahitaji damu ya mzee asiyeugua tena."

"Sitoi!"

Machozi yakamlenga.

Jamani, nimempa jina la mama yangu mzazi. Mama nitamnyimaje?

Nikakunja mkono wa shati. "Haya mama, choma."

Akashika sindano, akairudisha chini! Yeye aliyechoma kijiji kizima!

"Usiogope mama. Mwanao halii."

Akachoma. Wala sikulia.

Asiyeamini amuulize mke wangu, ndiye aliyetufuta machozi sote wawili.