Baraza ya Mtu Asiyekuwapo

Juzi nilikuwa Kibiti nikisubiri lori la Dar es Salaam, karibu na nyumba ya wageni ya serikali. Mwanamke wa Salale alifika na mamake mgonjwa, akaomba walale barazani, maana wakilipia chumba kwingine hawatabakiwa na nauli ya kwenda hospitali.

“Hapa pa Wazungu,” mlinzi akasema.

“Yumo Mzungu ndani?”

“Hayumo.”

“Basi tutamsumbua nani, kaka yangu?”

Mlinzi akaleta ndoo, akaimwagia baraza maji. Yule mama mgonjwa, aliyekwisha kuketi, akavuta miguu yake taratibu. “Twende, mwanangu.”

Walilala kwa muuza chai, juu ya magunia.

Serikali inatuhimiza tubane matumizi, hali ni ngumu. Wale walibana. Kumbe yenyewe ina nyumba nzima ya kumlaza mtu asiyekuwapo!