Dakika Kumi za Kutazama Ziwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kubeba daftari la safari hadi kwa fundi baiskeli. Lingebaki chini ya godoro, nisingefanya nililolifanya baadaye.

Nilikuwa mpimaji kwenye kinu cha pamba hapa Shinyanga, nina miaka ishirini na miwili na elimu ya darasa la nne. Kusoma ramani nilijifundisha mwenyewe, kwa ukurasa wa kitabu cha jiografia niliofungiwa karanga sokoni. Ziwa letu lote lilikuwamo. Nikaamua kulizunguka kwa baiskeli: Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja, Kampala, kushuka Bukoba, kisha kurudi kwa njia ya Biharamulo na Geita. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kuona mawe ya Mwanza yaliyosimama majini, na kulitazama ziwa kutoka vilima vya Bukoba, ambako waliofika walisema huoni maji yanapoishia na mbingu inapoanzia.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja nachana ukurasa mzima. Umbali niliwauliza madereva wa malori na watu wanaoswaga ng'ombe kwenda mnadani, na ambaye jibu lake lilitofautiana na la wenzake nilimfuata nikamuuliza tena. Ratiba ilikuwa na saa ya kuondoka, mahali pa maji, saa ya kukaza mnyororo. Palipo na mandhari nzuri niliandika: "Dakika kumi za kutazama ziwa."

Mstari huo ndio ulioniponza. Jumamosi ile pale kwa fundi alikuwepo karani wa stoo kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, amekuja kuwasalimu ndugu zake. Tulikua mtaa mmoja. Alinizidi miaka mitano na madarasa mengi, nami nilimwita kaka. Nilimpa daftari nikitaka anisifu. Akapanda juu ya sanduku la spana, akasoma kwa sauti.

"Dakika kumi za kutazama ziwa. Sasa, mdogo wangu, ukimaliza kulitazama kwa dakika sita, hizo nne unamrudishia nani?"

Watu wakacheka.

"Na ziwa lenyewe limearifiwa?" fundi aliuliza, macho yake kwenye spoku.

"Halafu sioni saa ya haja ndogo," karani akaendelea. "Huyu atafika Kisumu amevimba."

Tangu siku ile nikawa Bwana Dakika Kumi. Hata wakulima kutoka Kagongwa, ambao sikuwajua, waliniamkia kwa jina hilo pale mizanini. Kila nikilisikia, nilimwona yeye juu ya lile sanduku. Niliacha kabisa kuwaza ziwa. Niliwaza namna ya kumwaibisha mbele ya watu walewale.

Alirudi mwanzoni mwa mvua, kuchukua baiskeli mpya aliyokuwa ameagiza. Akanifuata nyumbani Jumapili mchana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sikia, nimepata likizo. Nataka nipande hadi Geita, kisha nishike Bukoba. Ninakilie kile kipande cha daftari lako."

"Si ulinicheka?"

"Nilicheka, ndiyo. Kilichekesha. Lakini nani mwingine hapa anaijua njia?"

Hakuomba radhi. Niliketi mezani nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Visima vilikuwa sahihi, umbali ulikuwa sahihi, isipokuwa mahali pamoja. Kabla ya Geita njia inagawanyika. Ya juu inazunguka kwenye mchanga. Ya chini inakatiza mbuga ya udongo mweusi. Waswaga ng'ombe walikuwa wameniambia kwamba mvua moja tu ikinyesha, udongo ule humshika ng'ombe hadi magotini. Nikaandika: "Njia ya chini. Nzuri. Inaokoa nusu siku." Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Mstari ulinyooka, na hilo linanitisha hadi leo.

Mvua ilinyesha siku ya pili baada ya yeye kuondoka. Niliisikia juu ya mabati ya kinu nikiwa mizanini, nikatabasamu mpaka mkulima akaniuliza kama pamba yake imezidi uzito. Nilimwona karani akilini mwangu: tope limejaa kwenye madigadi, gurudumu limegoma, baiskeli mpya iko kichwani kwake. Niliomba inyeshe tena. Ikanyesha.

Siku ya nne alitokea pale kwa fundi akiikokota baiskeli. Madigadi alikuwa ameyang'oa na kuyafunga kwenye keria ya nyuma. Viatu hakuwa navyo.

"Bwana mkubwa," fundi alisema, "umeipanda au imekupanda?"

Watu wakacheka kama nilivyotaka. Nikasubiri aninyooshee kidole. Yeye akaketi, akatoa karatasi yangu kifuani, ameizungushia kitambaa. Ilikuwa kavu.

"Mdogo wangu, ratiba yako haina kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyezembea. Uliandika niondoke saa kumi na mbili, nami siku zote mbili nimeondoka saa tatu. Ningefuata saa zako, ningeivuka ile mbuga kabla ya mvua."

Nafasi ya kusema ukweli niliipata pale, mbele ya wote. Nilisema, "Ndiyo, kaka. Ulichelewa."

Likizo yake yote iliyobaki aliimaliza akiugua homa kwa dada yake, kisha akarudi Geita kwa lori. Huko alimwambia kila mtu kwamba anayetaka kusafiri aje kwangu. Nilitaka aaibike, naye aliaibika, ila aliaibika huku akiniamini. Nimejaribu kusikitika kikamilifu, nimeshindwa. Nikimkumbuka alivyokuja bila viatu, kuna kitu ndani yangu bado kinafurahi.

Imepita miaka mitatu. Sijamwambia, na ziwa sijalizunguka. Watu huja kuniomba niwaandikie njia, na sasa simwandikii mtu njia yoyote ambayo mimi mwenyewe sijaipita kwa baiskeli msimu huohuo.