Foleni ya Mwoka Mikate

Pale benki walimwita Mzee wa Marejesho, ingawa uzee wenyewe ulikuwa bado, ni upara tu uliomtangulia. Kazi yake ilikuwa kukagua biashara za waombaji mikopo, na katika kazi hiyo alijiona bingwa. Makaratasi hakuyaamini. Alipenda kujibanza ng'ambo ya barabara asubuhi na kutazama watu wanavyoingia dukani. Duka lenye watu lina hela, basi, kwake hesabu ilikuwa imekwisha.

Kwa mwoka mikate mmoja aliyeomba mkopo alikuta foleni hadi getini. Akarudi ofisini meno yote nje, akapitisha mkopo mkubwa kuliko yote ya tawi lile. Laiti angevuka barabara akauliza. Wale hawakuwa wateja. Mmoja alidai hela ya unga, mwingine ya kuni, waliobaki walikuwa vibarua waliochoka kupigwa kalenda za ujira wao. Bingwa wetu alikuwa amehesabu wadai.

Hela ya mkopo ikaishia mikononi mwa foleni ileile, na marejesho yakakatika. Ukawa mkopo chechefu, na mkopo wa namna hiyo hauumizi aliyeutoa peke yake. Benki hulazimika kutenga sehemu ya faida kufidia hela ambayo huenda isirudi. Faida ya tawi ikaliwa yote, mwaka ukafungwa kwa hasara, waombaji wapya wakaambiwa wasubiri. Makao makuu wakasema wazi kwamba mkopo ule usipoanza kulipika, tawi litafungwa na wafanyakazi wote watapoteza kazi.

Meneja akataka tanuri lipigwe mnada. Mzee wa Marejesho, roho juu, akapinga. Alisema tanuri kuukuu litauzwa kwa bei ya kutupa, na mwoka asiye na tanuri hatalipa hata senti. Akaomba muda uongezwe, marejesho yapunguzwe, naye apite kila jioni kuchukua fungu la benki katika mauzo ya siku kabla halijaguswa.

"Ikishindikana, wa kwanza kuondoka ni wewe," meneja alisema.

"Najua, bosi."

Akawa anapita, iwe mvua iwe jua. Mwoka, ambaye zamani akimwona tu alitorokea mlango wa nyuma, akazoea kumsubiri. Nyumbani mkewe hakuonyesha wasiwasi hata kidogo. Alipakua chakula, akauliza habari za kazi, akalala. Mume akaona kwamba mzigo wote ameachiwa yeye, na hilo lilimuuma.

Miezi ikapita. Siku moja meneja akatoka na simu mkononi, akamwambia mkopo umehesabiwa kuwa hai na tawi halifungwi. Mzee wa Marejesho akajibwaga kwenye benchi la wateja akalia mbele ya watu, bila aibu. Kisha akampigia mkewe.

"Mama watoto, tunabaki."

Upande wa pili kikasikika kilio cha kwikwi.

"Ngoja nifungue mabegi," mkewe alisema. "Nguo za watoto nilishazipanga tayari kurudi kijijini. Nilizificha uvunguni usije ukaziona ukakata tamaa."