Siku Yaya Riziki Alipovuka Bila Mzigo

Tuliondoka Uvira kwa sababu ya mikanda. Dada yangu mkubwa, Riziki, ambaye namwita yaya kama wadogo wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao, aliugua polio akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo miguu yake haijambeba. Kwa miaka kumi na tano amekuwa akivuka mpaka wa Kavimvira, kati ya Kongo na Burundi, juu ya kinga ya magurudumu matatu, ile baiskeli ya walemavu inayoendeshwa kwa mikono, akiwa amezungukwa na magunia ya unga, katoni za sabuni na marobota ya vitenge hata uso wake usionekane. Jioni moja tulikuwa uani tukichambua maharage, akasema bila kuinua kichwa:

"Mudogo wangu, minye nimechoka kuona mikanda. Kila muntu ninayesema naye, ninaona mukanda na vifungo vya shati. Nataka siku moja nione utosi."

Wateja wake wa Gatumba, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamemsimulia habari za bustani ya michezo iliyo ufukweni, upande wa Bujumbura. Humo kuna gurudumu kubwa la chuma lenye viti, linalowapandisha watu juu kuliko miti. Alitaka kulipanda, na alitaka kulipanda mwenyewe. Hilo la pili alilisema mara mbili, nami nililisikia mara moja.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili, tulikuwa Kavimvira. Mimi ni mtu wa kutazama saa hata ninapokula, na siku hiyo nilikuwa nimeipanga kwa dakika. Mpaka hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo lazima tuwe tumerudi. Wabadilishaji wa fedha walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao vifupi, wanawake wenye mabeseni ya samaki walikuwa wakigombania nafasi, na ziwa lilikuwa linang'aa nyuma ya paa za mabati kama kitu kipya kilichotolewa dukani asubuhi ile.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kinga tupu itapita upesi kuliko kinga iliyojaa. Kwa mazoea ya mpaka ule, mlemavu hupewa nafuu ya ushuru kwa mzigo wake, na ndiyo maana wachuuzi wengi humpa mlemavu mizigo yao awavushie. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona kinga ikivuka bila kitu.

"Riziki, leo iko nini?" aliuliza mtu wa forodha, mrefu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Hakuna kitu, shefu."

"Hakuna kitu iko ya kilo ngapi?"

Wenzake wakacheka. Yaya naye akacheka kidogo.

"Niko naenda kucheza," akasema.

"Kucheza! Mama muzima?"

"Kwani weye hauchezi? Kila siku ninakukuta hapa na karata mukononi."

Kicheko kikageuka upande wa pili, na nadhani hapo ndipo tulipojiponza. Yule mrefu aliinama, akaanza kugonga mabomba ya kinga kwa ufunguo, moja baada ya jingine, sikio karibu na chuma kama mganga anayesikiliza kifua. Akaomba mto wa kiti. Akaubonyeza, akaunusa, akafumua mshono wa pembeni. Ndani hamkuwa na kitu ila sponji ya manjano iliyochoka. Akatuweka kando amngoje mkubwa wake. Nilitazama saa mara ishirini. Yaya aliomba sindano kwa muuza vitenge, akaushona mto wake taratibu akiwa amekaa chini kivulini.

Saa nne kasoro ndipo tulipoachiwa. "Usikasirike, mama," alisema yule mrefu, sasa kwa upole wa kweli. "Muntu anayebeba, ninajua anabeba nini. Asiyebeba ndiye ananiogopesha."

Kutoka hapo hadi Gatumba njia ni tambarare. Upande wa kushoto kuna bonde la Ruzizi, majani hadi macho yachoke; upande wa kulia, ziwa huonekana na kupotea nyuma ya matete. Mto wenyewe ulikuwa umejaa, mwekundu, ukienda kuingia kwenye maji ya bluu bila kukubali kuchanganyika nayo. Yaya aliendesha bila mzigo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kinga ilikimbia naye kama mbuzi aliyekata kamba. Nilikuwa namfuata kwa hatua za haraka, kisha kwa mbio. "Weye ndiye mulemavu leo!" akanipigia kelele.

Saa tano na nusu, Gatumba. Mama Espe, mteja wake wa siku nyingi, mjane Mrundi anayeuza mchele, alitungojea mlangoni. Alitupa chai na mihogo, akataka habari zote za Uvira kuanzia bei ya dagaa hadi harusi za jirani. Mimi nilikaa ukingoni mwa kiti.

"Huyu mdogo wako anakalia miiba?" akauliza Mama Espe.

"Anakalia saa," akajibu yaya.

Mpwa wa Mama Espe alikuwa na kamioneti ya kupeleka mboga mjini, nasi tukapata nafasi nyuma, sisi na kinga. Nilipoinama nimsaidie, yaya alinizuia kwa kiganja. Alishika ukingo wa chuma, akajivuta mara moja, akatulia, akajivuta mara ya pili, akageuka hewani akakaa. Mikono yake imesukuma mizigo ya nusu ya Uvira. Dereva akatuambia wazi: saa kumi kamili anarudi, hangoji mtu.

Saa tisa, baada ya mboga zote kushushwa sokoni, tuliingia bustanini. Niliyoyawaza kwa majuma mawili yalikuwa mbele yetu: bembea, farasi wa mbao wanaozunguka, muziki unaokwaruza, harufu ya mishikaki, na nyuma ya yote, gurudumu. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani na nyekundu, kutu ikichungulia kwenye viungo, moteri ikikohoa chini yake. Viti vyake vilikuwa kama vikapu vya chuma vinavyoning'inia, ndani ya kila kikapu mabenchi mawili yanayotazamana. Yaya alisimamisha kinga, akalitazama hadi likamaliza mzunguko mzima.

Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida ya Jumapili. Tulipofika mbele ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Mwendeshaji, baba wa makamo aliyevaa ovaroli, akiitwa Deo, alitazama kinga, akatazama miguu ya yaya, akatikisa kichwa.

"Oya, hapana, mama. Kikapu kinayumba. Anayepanda hapa apande kwa miguu yake."

"Miguu yangu iko hii," akasema yaya, akainua mikono yote miwili.

Watu wakacheka, Deo naye akalegea, akamruhusu ajaribu. Yaya alishuka kwenye kinga, akapanda ngazi mbili za jukwaa kwa kukaa, mgongo mbele. Kikapu kilikuwa kinangoja, wazi, kitupu. Akakishika ukingo, akajivuta. Kikapu kikamkimbia, kikabembea nyuma, naye akaanguka kwenye mbao. Akajaribu tena. Kikamkimbia tena. Safari hiyo aligonga kiwiko, na mama mmoja nyuma yetu akasema "maskini" kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo. Kijana fulani aliinua simu apige picha.

Dakika kumi zimebaki. Niliwaza kamioneti, niliwaza mpaka, niliwaza ile simu. Nikainama, nikampitisha mikono chini ya makwapa, nikamnyanyua, nikamweka kwenye benchi, nami nikaketi mbele yake. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Watu wakapiga makofi. Deo akafunga chuma cha kutuzuia, tukaondoka ardhini.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Ziwa lilifunguka, lote, hadi mwisho wake wa kaskazini ambako mto unaingia. Ng'ambo ya maji, chini ya milima, Uvira ilikuwa mstari mwembamba wa mabati unaometameta. Ningeweza kuifunika kwa kidole gumba, nyumba yetu, soko, makaburi na yote. Gurudumu likasimama tukiwa juu kabisa ili wengine wapande chini. Kikapu kikaning'inia kwenye upepo.

"Yaya, tazama! Iko Uvira ile!"

Nikageuka. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho amefumba.

"Fungua macho, yaya. Tumepanda."

"Weye umepanda," akasema. "Minye sijapanda. Umenipakia."

Nilikuwa nimemwona mara elfu akipakia magunia: mikono chini, nyanyua, weka, funga. Nilikuwa nimefanya vilevile, hata kule kupangusa mikono baadaye. Tulizunguka mara tatu nyingine. Hakufumbua macho hata mara moja.

Tulipofika chini Deo alifungua chuma. Yaya alitelezea jukwaani mwenyewe, na kabla hajaachia ukingo wa kikapu akausukuma. Nilikuwa bado nimekaa ndani. Kikapu kilisogea kidogo tu. Akausukuma tena, sasa akiwa na ile sura anayokuwa nayo anapopanga mzigo mzito upande mmoja.

"Toka," akaniambia. Nikatoka. Akausukuma mara ya tatu, na kikapu kitupu kikabembea hadi Deo akaruka pembeni.

"Ni kama kinga," akasema. "Kinga tupu haikai. Unaweka muzigo wa kwanza, inatulia, ndiyo unapanda. Turudi kwenye foleni."

"Yaya, kamioneti inaondoka sasa hivi! Na mpaka?"

"Iondoke. Mpaka utafunguliwa kesho. Kila siku unafunguliwa."

Nilisimama katika foleni ile nikitazama saa. Saa kumi ilifika, ikapita. Nilisikia honi mbali kidogo, labda ya kamioneti yetu, labda ya nyingine. Tulipokaribia mbele nilimwambia kwa unyenyekevu, "Nitaingia mimi kwanza, niwe mzigo."

"Weye? Haufiki hata kilo sitini. Na tena nimekukasirikia."

Akageuka nyuma. Mtu wa tatu baada yetu alikuwa baba mmoja mnene sana, shati la manjano, ameshikwa mikono na mabinti wawili.

"Papa," yaya akamwita, "samahani. Iko kazi ndogo hapa."

"Kazi gani, mama?"

"Kazi ya kilo. Ninaona unazo."

Foleni nzima ikaangua kicheko, wa kwanza wakiwa mabinti zake. Yule baba alifungua kinywa akasirike, akatazama kikapu, akatazama kiwiko cha yaya chenye damu, akaelewa.

"Maisha yangu yote ninachekwa kwa ajili ya huu mwili," akasema, akivuta suruali juu. "Leo ndiyo mara ya kwanza unaombwa." Akapita mbele, akaingia, akakalia benchi la ndani na kuliweka imara. Kikapu kilishuka kidogo, kikatulia kama mtumbwi uliofungwa.

Yaya alipanda ngazi. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikashikanisha mikono yangu mgongoni kwa sababu ilikuwa inataka kwenda. Alishika nguzo ya kikapu kwa mkono wa kulia, benchi kwa wa kushoto. Akajivuta. Nusu ya mwili wake ikawa ndani, nusu nje, na hapo akakwama. Deo akanyoosha mkono. Yaya akamtazama tu, mkono ukarudi. Niliona misuli ya shingo yake ikisimama. Akapumua, akageuza nyonga, akakaa. Miguu yake akaivuta ndani mmoja mmoja kwa mkono, kama mtu anayeingiza vitu vyake nyumbani.

"Umekaa, mama?" Deo akauliza.

"Nimekaa."

Moteri ikakohoa. Nikamtazama akipanda, kitenge chake cha rangi ya machungwa kikipungua angani. Gurudumu lilipomfikisha juu likasimama, na kutoka huko nikasikia sauti yake, ile anayowaitia wateja sokoni:

"Mudogo! Nywele zimeanza kukuisha hapo katikati! Hakuna aliyekuambia?"

Watu wote wa foleni wakageuka kunitazama kichwani. Nikaweka kiganja utosini. Ilikuwa kweli.

Saa moja jioni, Gatumba. Tulifika kwa gari la kuombaomba, na mpaka ulikuwa umeshafungwa. Mama Espe alitupa mkeka na wali. Alimuuliza yaya ameona nini huko juu, nao wakaongea Kirundi muda mrefu, kwa haraka, na vicheko ambavyo sikualikwa. Mimi hakunisimulia. Nilitaka sana kuuliza, na nikajizuia.

Saa kumi na mbili alfajiri tulianza safari ya kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ilikuwa imegeuka ubwabwa mwekundu. Nilitembea pembeni ya kinga, mara hii bila kutazama saa, maana kuchelewa kulikuwa kumeshatokea na dunia ilikuwa bado ipo. Mtu akiniuliza nilijifunza nini ng'ambo, nitasema ni jambo dogo ambalo nilipaswa kulijua tangu utotoni: kwamba nimekuwa na haraka ya kumfikisha dada yangu, na sikuwahi kumuuliza anataka kufika namna gani.

Karibu na daraja la Ruzizi njia hupanda kidogo. Magurudumu ya nyuma yalianza kuzama. Yaya aliinamia mikono, kinga ikasogea shubiri moja, ikarudi nusu. Lori lilikuwa linakuja nyuma yetu, likipiga honi. Mikono yangu ilikuwa imeshafika kwenye bomba la mgongo wa kiti. Niliiondoa.

"Yaya," nikasema, "nisukume?"

Alipangusa tope kwenye vishikio kwa ncha ya kitenge, akajivuta mara nyingine, akapata shubiri mbili, akazishikilia. Lori likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani akatutukana. Yaya alikuwa anapima: tope, mwinuko, mikono yake.

"Subiri," akasema.

Nikasubiri. Alijivuta tena, na tena, hadi gurudumu la mbele likagusa mahali pagumu.

"Sasa," akasema. "Sukuma."