Kengele Iliyofukuza Majirani

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Likasi, nikisubiri muhuri, mlinzi mmoja alipoweka kikebe cheusi juu ya meza ya mkuu wake. Ilikuwa kengele ya mkononi, ile anayopewa mtu anayefanya kazi peke yake. Ukichomoa pini, inapiga ukelele.

“Shefu, minye nairudisha.”

“Imekufa?”

“Hapana, inalia muzuri. Bamwizi balikuya kukata kable ku kabini ya umeme, kale kanyumba ka transfoma kenye nachunga. Nilivuta pini, ikalia sana. Hakuna hata mutu moya alikuya.”

“Papa, weye ulivuta mubaya,” alisema mkuu, akaichomoa pini palepale.

Foleni nzima ilitawanyika. Tangu ule uporaji wa miaka ile, maduka na nyumba za mji zilipovunjwa, sauti tusiyoijua hatuulizi inamwita nani, tunakimbia. Mama mmoja aliingia chini ya benchi na beseni lake la karanga. Mimi, mtu wa kalamu, nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Hakuna aliyegeuka kumtazama aliyevuta.

Kelele ilipokoma, mlinzi alikuwa bado amesimama mbele ya meza.

“Umeona, shefu? Munipatie tu sufuria na kijiko. Kwetu Kikula ukipiga sufuria, jirani naye anapiga yake, na mwingine, mpaka mwizi anakimbia.”

Mkuu alimjibu kwamba sufuria haimo kwenye orodha ya vifaa.

Mlinzi akachukua kengele yake, akaondoka. Sikuthubutu kumwambia kwamba kabini ile iko nyuma ya nyumba yangu, na kwamba siku ile niliisikia kengele yake vizuri kabisa, nikaongeza komeo la pili mlangoni.